Ukuta wa Maviani

Jumatatu, 10 Juni 2024
Siku ya sita ya kuchekecha udongo juu ya kilima cha Maviani. Mgongo wangu! Leo tumefika chini ya ule ukuta. Daktari Zulekha, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Kitui, ameokota kigae cha chungu akakigeuzageuza. Halafu: Mama Nthiwa, hili lilikuwa boma la kujikinga. La zamani sana, pengine kabla watu hawajajua kufua chuma. Maabara itapima.
Na sisi tumekuwa tukifunga mbuzi hapo!

Jumatano, 12 Juni
Karibu na lango — mawe ya mviringo, mamia, yamerundikwa. Si ya hapa juu, ni ya mtoni. Ya kombeo, asema Daktari. Watu waliyapandisha kilima chote hiki. Walimwogopa nani?
Nimemweleza mume wangu Munyao jioni. Hakucheka. Kamati ya kanisa imeshapitisha: Jumamosi trekta inapanda, mawe ya ukuta yaende msingi wa kanisa jipya. Yeye ndiye mwenyekiti, na shamba ni la baba yake. Mawe ni mawe, akasema.

Ijumaa, 14 Juni
Lango lilichomwa. Majivu mazito, udongo umeiva mwekundu. Na yale mawe hayakurushwa! Hawakupata hata nafasi. Nimeuliza kama kuna mtu aliyewafungulia adui. Daktari: hatutajua, lakini ukuta ukitoka, hata swali litatoka nao.
Ameenda Kitui kutafuta barua ya kusimamisha trekta. Simu yake haishiki.
Nimemwomba Munyao wiki moja tu. "Unataka nisimame mbele ya washirika niseme bibi yangu amekataza nyumba ya Mungu?" Alisema polepole. Afadhali angepiga kelele.

Jumamosi, 15 Juni
Daktari hajarudi. Nimekaa langoni. Naandika hapa hapa.
Trekta imefika. Trela imejaa washirika — wengine wananiangalia, wengine wanaangalia chini. Munyao amekuja, akaniambia kwa Kikamba niondoke.
"Baba Nthiwa, sitoki."
Wote wamesikia. Miaka kumi na tisa, sijawahi kumkataa mbele ya watu.
Ameangalia majivu. Ameniangalia. Amevua kofia — ameketi. Si kando yangu, hatua tatu hivi. Anapanguza jasho. Dereva anauliza mara ya pili, mzee, tuanze? Injini inanguruma. Munyao anamwashiria kwa mkono: zima.