Funguo za Kirumi Zinazong'aa

Trier, Jumapili

Gisbert,

Barua yako nimeipata. Hapa ni mvua tu, na paka wako bado anakusubiri dirishani.

Unataka nikutumie funguo zako za kale za Kirumi, zile za shaba ulizokusanya, huko ulikohamia kwa Annelore. Miaka yote ya ndoa uliniambia, "Roswitha, usiziguse. Hiyo kutu ya kijani ndiyo mali." Basi juzi nilizichemsha kwenye siki, nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa kama bomba jipya la jikoni. Zimo humu kwenye kifurushi, zote kumi na nne.

Hakuna hata mmoja unaofungua mlango. Ufunguo wa nyumba hii, ulioondoka nao mfukoni, uweke pamoja nazo. Nimebadilisha kitasa.

Aliyekuwa mkeo,
Roswitha