Mama, Kompyuta Yako Haitaki Kumaliza Wimbo

Mama,

Habari za huko sikuulizi, maana najua hutanijibu. Za huku ndizo hizi: mto umerudi mahali pake, kuta zimekauka, yule kuku wako mweupe amehamia kwa Mama Dhadho na amekataa katakata kurudi, na mimi nina hofu tangu Jumatatu. Ulikuwa ukisema, "Jilo, wewe ukikosa la kuhofia utaliazima kwa jirani." Safari hii sikuazima, Mama. Hili ni langu, na wewe ndiye uliyeniachia.

Ni ile kompyuta.

Hawayu anakuja kesho. Unajua dada yangu hakukuzika. Siku tuliyokulaza kule Ngao maji yalikuwa yamekata barabara, basi lao likarudishwa njiani, na yeye akayasikiliza mazishi yako kwa simu, amesimama kando ya barabara na mzigo wake, sauti inakuja inapotea. Hatukuweza kungoja. Tangu siku hiyo akipiga simu hana raha, hata habari za watoto haulizi. Jumapili akaniambia, "Jilo, sitaki nguo zake wala vyombo. Nataka nimsikie mara moja tu, mpaka mwisho." Nami nikamjibu upesi, njoo, sauti ipo kwenye kompyuta. Nikamkumbusha ile kamera ndogo aliyokutumia kutoka Nairobi, na alasiri uliyoketi mbele yake, mimi nakurekodi, ukaimba nyimbo za kuwinga ndege, zile mlizoimba mkilinda mpunga wenu usiliwe. Nikajiona mtu wa maana sana.

Jumatatu nikaiwasha nihakikishe. Ukatokea na leso yako ya njano, ukakohoa kidogo, ukaanza. Nikavuta kiti nikakaa. Ukaimba vizuri mpaka pale unapowatukana ndege kwa Kipokomo, unawaambia waende wakale kwa wavivu. Hapo feni ya ndani ikaanza kuvuma, harufu ya moto ikanijia puani, na kioo kikaganda. Nikasukuma mausi, wapi. Nikabonyeza kila penye kubonyezwa. Wewe mdomo wazi tu, unanitazama.

Nikaizima kwa nguvu, nikangoja, nikaiwasha tena. Ikaganda palepale. Siku iliyofuata haikufika hata hapo. Nikasema basi niinakili kwenye flashi, niachane na hii mashine yenye kiburi, nayo ikaganda katikati ya kunakili, na flashi yenyewe tangu hapo haifunguki. Sasa nikawa sina pa kushika. Nikiiwasha, naogopa hii ndiyo mara yake ya mwisho na sauti yako imeungua nayo. Nisipoiwasha, Hawayu anafika na mimi sina la kumwonyesha ila meza.

Nilimpigia Guyo, fundi wa simu pale stendi. Akaniambia niibebe nimpelekee, ataifungua aiwekee dawa mpya ya kupoza. Nikamuuliza kama atanihakikishia kilichomo ndani kitabaki. Akasema, "Jilo, nikikuhakikishia nitakuwa nakudanganya." Basi nikashukuru nikakata simu. Kuiweka kwenye bodaboda na mashimo yale, iruke njia nzima na wewe ndani yake? Sikuweza. Mke wangu akanishauri nimwambie Hawayu ukweli mapema. Nikamkaripia, halafu nikamwomba radhi, halafu nikaenda kusimama nje bila sababu.

Nikaamua kuhangaika nayo mwenyewe. Nikaondoa ubavu wa boksi kwa bisibisi, na Mama, vumbi nililolitoa humo lingetosha kupanda mchicha. Nikasafisha kwa brashi ya rangi ambayo haijatumika, taratibu, nimebana pumzi. Nikaihamisha kutoka dirishani ambako mabati yanateremsha joto. Nikaiwekea feni ya mezani kwa mbele, watoto wakalalamika kwamba kompyuta inapepewa na wao wanatoka jasho. Nikafanya na maombi. Kitambaa chako cha kufuma sikukitoa, nilikiinua upande mmoja tu, na kila nikimaliza nakishusha tena, nakunja upande wa mbele ili kioo na kitufe vionekane, nawasha, naganda mimi kabla yake.

Kitambaa unakikumbuka. Ulikifuma kwa uzi mweupe na wa samawati, kipana cha kufunika kioo na boksi pamoja, kikashuka nyuma mpaka mezani. Ukakishonea na bitana ya nailoni, kwa sababu ulisema vumbi la Garsen halipigi hodi. Nyumba hii ulivisha kila kitu, viti, redio, mpaka jagi la maji. Na tangu uondoke, ulichokifunika kwa mkono wako hakuna aliyekifunua. Hatukukubaliana, imetokea tu. Mimi nyuma ya kile kitambaa sijagusa. Niliona ni kama kukuvua wewe nguo mbele ya watu.

Leo mchana stima ilipotea wakati nimeshaiwasha, nikaegemea meza kwa kukata tamaa. Mkono ukaangukia upande wa nyuma wa kitambaa. Kilikuwa na moto wa shati lililotoka sasa hivi kwenye pasi ya makaa. Nikauingiza mkono ndani, nikautoa mbio. Joto lote ambalo mashine inalitoa lilikuwa limejaa mle, halina pa kutokea, linarudi lilikotoka.

Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukiketi. Kitambaa kimekunjwa, kiko mapajani, mikono yako juu yake, na kompyuta mbele yako haina hata uzi. Siku zote. Hukuwahi kuiwasha ikiwa imevaa. Kumbe mimi wiki nzima nakuheshimu, na heshima yenyewe ndiyo inayokuziba mdomo.

Kazi sasa ikawa kukitoa. Bado kina harufu ya mafuta yako ya nazi, na nilijua nikikitoa, nikikikunja, haitakuwa tena wewe uliyekiweka hapo. Itakuwa ni mimi. Nililia, Mama. Nilidhani nimemaliza kulia kule Ngao. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni, akarudi jikoni.

Nikakitoa. Nikakikunja kama ulivyokuwa ukikikunja, mara mbili na mara mbili tena, nikakipakata. Stima iliporudi mashine ilikuwa imeshapoa, nikaiwasha. Ukakohoa, ukaanza. Ulipofika kwa wale ndege nilifumba macho. Feni ikavuma kidogo ikatulia, na wewe ukaendelea. Ukawatukana ndege wote, ukawatukana na ndugu zao, ukacheka peke yako, ukaimba mpaka mwisho. Watoto walikuja wakakaa chini.

Wimbo ulipoisha picha haikuisha. Hapo sikuwahi kufika, na siku ile nilikuwa nimeinama natafuta pa kuizimia kamera, hata sikumbuki kama nilikusikiliza. Ukaniangalia ukasema, "Jilo, zima sasa. Na kitambaa changu usikiguse, ngoja ipoe kwanza ndio niifunike."

Mama. Yaani jibu ulikuwa nalo wewe, mle ndani, mbele kidogo tu ya pale ulipokuwa ukigandia.

Nimeshakunakili. Uko kwenye simu yangu, kwenye simu ya mke wangu, kwenye flashi mpya, na nimekupeleka mpaka kwenye simu ya Mama Dhadho, aliyebaki na kuku wako. Kompyuta ikitaka kufa sasa na ife, ingawa usiniamini, nimeshainuka mara kadhaa kwenda kuigusa mgongo. Sasa ninalolihofia ni Hawayu. Nahofia atakavyolia, na nahofia asipolia. Lakini kukusikia atakusikia, na mpaka mwisho, kama alivyoomba.

Pumzika, Mama. Shamba nitakwenda kuliangalia maji yakikauka vizuri, na nikiwakuta ndege nitawaambia maneno yako. Kesho nitamkalisha Hawayu kwenye kiti chako na kitambaa nitampa yeye akipakate. Ukishamaliza kusema, nitazima. Tutakaa hapo wote wawili tungoje ipoe, halafu tutaifunika.

Mwanao,
Jilo