Kapteni nyuma ya kochi

Monica, huyu kaka yangu Venance katuaibisha, mpaka sasa siamini.

Si unajua anavyojiita Kapteni kwa ile gemu yake ya ndege za vita? Kapteni gani, hata leseni ya bodaboda hana.

Leo kavaa taulo tu, anatufokea tunyamaze. Eti kombora limerushwa kutoka ardhini, yeye anashuka chini akajifiche nyuma ya mlima. “Mie sipigwi.”

Mara hodi. Mama mkwe wake, katoka Masasi bila taarifa, huyo ndani.

Kapteni kabwaga pedi ya gemu, kajitupa nyuma ya kochi. Nyuma ya kochi, Monica. Na taulo kaliacha njiani.

Kutoka huko: “Shikamoo mama.”

Mama kaitazama ndege inavyoungua kwenye tivii, akaliitikia kochi: “Marahaba baba. Huyo rubani amepona?”