Usingizi wa Eze

Jumapili usiku

Mara mbili tu. Ndicho nilicho nacho mpaka sasa. Wiki hii nilimwacha Eze kwa wifi mara mbili nikaenda kuuza vitenge boda, pale mpakani, na zote mbili nikamkuta amelala fofofo, hata kunyonya hataki. Nimeanza kuwaza kwamba anampa dawa ya mafua ili atulie.

Baba Eze alinicheka. "Mara mbili tu, mama Eze? Si ungoje zifike hata kumi."

Kumi, huku mtoto ananyweshwa? Ila nikimsema wifi kwa dalili ndogo hivi, na kumbe hana kosa, ukoo mzima utanigeuka.

Leo nimeshinda na Eze mimi mwenyewe. Tulipotoka kanisani akalala vilevile, mzito, ziwa akakataa. Nikashusha pumzi, pengine ni meno. Halafu nikajishtukia: kama mara mbili hazitoshi kumshtaki wifi, hii moja inatoshaje kumsafisha?

Kumshtaki mtu kunataka siku nyingi. Kumlinda mwanangu, hata shaka ndogo inatosha. Kesho naenda naye boda mgongoni, tukirudi tupitie zahanati. Wifi nitamwambia kwamba Eze siku hizi hataki kuachana na ziwa.