Maji ya Kunawa kwa Mhindi wa Liège

Zuena mjukuu wangu,

Salaam kutoka Nyakabiga, hapa Bujumbura, kwa shangazi yako, ambako tulikuambia tumekuja kwa muda mfupi tu. Mama yako anakohoa kidogo. Wadogo zako wanasoma.

Umeniandikia kwamba huko Lyon unakula kila juma kwenye restora ya Wahindi, sababu chapati yao inakukumbusha nyumbani. Ukauliza kama nyumba yetu ya Gatumba iko vile vile.

Nilipokuwa mwanafunzi Liège, Ubelgiji, niliingia restora kama hiyo. Chakula kikaletwa, nami nikakaa nikingoja maji ya kunawa. Watu wote walikuwa wanakula kwa uma. Mwenye restora, mzee wa Kihindi, alinitazama, akaenda jikoni, akarudi na jagi na beseni, akaninawisha mwenyewe.

"We ni mutu wa Buja," akasema kwa Kiswahili. Kumbe alizaliwa hapa. "Duka ya baba karibu na msikiti, ile ya milango ya kijani, ingali iko?"

Ilikuwa imebomolewa zamani. Nikamwambia, "Iko, mzee."

Kwa neno langu hilo akauza restora, akarudi Buja. Nilipomaliza masomo nilimkuta huku, amesimama pale palipokuwa duka, mbele ya ukuta wa watu wengine. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa nini hukuniambia?"

Zuena, nyumba ya Gatumba haiko. Ziwa lilifurika, maji yakaichukua, na wote hapa tulikubaliana kukuficha. Mi nimeshindwa. Sitaki nikukute siku moja umesimama pale mbele ya maji, ukiniuliza neno lile lile.

Babu yako