Maji Niliyokunyima, Nashipai

Mwanangu Nashipai,

Sijui kama barua hufika huko uliko. Mwalimu aliyetumwa na wamisionari wa Nkoaranga ametufundisha kuandika mwaka huu, na wenzangu wote wanaandika majina yao. Mimi nakuandikia wewe, kwa sababu wiki hii nimejua jambo ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Unaukumbuka mfereji uliopita nyuma ya nyumba yetu, Moshono? Ulikuwa ukitumbukiza miguu, nami nakukemea kwamba ng'ombe wanakunywa hapo. Ulicheka ukasema, "Na mimi ni ndama."

Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa amechukuliwa kubeba mawe ya Boma la Wajerumani, nyumbani nimebaki na wewe na bibi yako, mama yake. Ulianza kuhara asubuhi, na kufikia mchana yalikuwa maji matupu.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Ndama akiharisha hutengwa na mama yake, asinyonye, mpaka tumbo likauke. Bibi yako alikuwa amewaponya wengi hivyo, na hakuona kwa nini mtoto awe tofauti. "Usimpe kitu," aliniambia. "Kila utakachompa kitatoka."

Nilimwibia. Alipokwenda kukata majani ya ng'ombe nilikunywesha kata nzima ya maji. Ulikunywa kwa pupa, umenishika mkono nisiiondoe kata. Kabla hajarudi, yote yakatoka, juu na chini. Alipoona ngozi uliyolalia imelowa hakugomba. Alinikumbusha tu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Basi nikasikia la mkuu. Guu langu ni zima mpaka leo.

Siku ya pili ulilia bila machozi. Nilibana ngozi ya tumbo lako, ikabaki imesimama. Mara ya mwisho uliomba maji wakati wa kukamua, nami nikakujibu, "Kesho, mama, kesho." Hukuifikia.

Jumatatu iliyopita mdogo wako Namnyaki, ambaye hukumwona, alianza kuhara vilevile. Bibi yako alikwisha kuficha kibuyu cha maji. Nilimbeba mtoto mgongoni nikateremka mjini kwa Mama Zuhura, mke wa fundi seremala kutoka pwani, anayeuza maandazi karibu na Boma. Alichemsha uji mwepesi wa mchele, mwepesi kama maji, akatia chumvi kidogo na asali, akaanza kumnywesha. Kijiko kimoja, anasubiri, kijiko kingine.

"Utumbo ukilegea maji matupu hayashiki, dada," alisema. "Chumvi ya mwili inatoka pamoja na kuhara. Mrudishie maji na chumvi na utamu, kwa pamoja, ndipo yanaingia. Akitapika pumzika kidogo, halafu mpe tena. Akihara, ongeza."

"Kwetu tunasema tumbo likauke."

"Kinachokauka ni mtoto."

Nilikaa kwake kutwa. Jua lilipoinama Namnyaki alinikojolea mgongoni, mara ya kwanza tangu asubuhi, nikacheka kwa sauti mpaka Mama Zuhura naye akacheka. Halafu nikakaa chini. Chumvi tulikuwa nayo, Nashipai. Asali ilikuwa ndani ya kibuyu cha baba yako, juu ya kitanda ulicholalia. Kila kitu kilikuwemo nyumbani, na mimi nilikaa nikikutazama.

Bibi yako simlaumu. Hapana, namlaumu, na papo hapo namwonea huruma, maana alikupenda kuliko ng'ombe wake wote, na hilo kwake si dogo.

Tuliporudi alimpokea Namnyaki, akambana ngozi ya tumbo, ikarudi mahali pake. Akaniuliza nilimpa nini. Nikamwambia: maji ya uji, chumvi, asali. Akauliza tena, bila kuniangalia, "Na Nashipai naye angepona?"

"Hapana, mama," nikamjibu. "Ule ulikuwa ugonjwa mwingine."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukamua. Ukweli nimekuletea wewe, mwanangu, kwa kuwa ndiwe uliyeniomba maji. Lala salama. Kama unaweza, nisamehe.

Mimi,
mama yako