Bonyeza kwa Ukucha

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Huku Tarime tu wazima, mahindi yamebeba. Nimeshusha pumzi kuona umeniuliza kuhusu tairi kabla ya mashindano yako ya kwanza ya pikipiki. Unaogopa hizo ulizopewa zenye kashata chache, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, eti zitateleza.

Nilipokuwa nesi kijana, nilinunua tairi la pikipiki sokoni kwa kupenda kashata zake. Kumbe lilikuwa kipara kikuukuu, limechongwa kashata upya kwa kisu cha moto. Kwenye kona ya Nyamongo likateleza, nikajikuta matopeni nimekumbatia boksi la chanjo. Hakikuvunjika hata kichupa kimoja.

Tangu hapo nabonyeza mpira kwa ukucha. Ukiwa mgumu kama kwato, naliacha tairi hilo, maana kinachoshika barabara ni ulaini wa mpira, si wingi wa kashata. Wauza tairi wananicheka mpaka leo, lakini sijaanguka tena.

Bibi yako